Rudi Ukiwa Meneja

Nilisimama nyuma ya pazia la chumba cha mama, nimevaa khanga mpya, jasho linanitiririka mgongoni utadhani mimi ndiye niliyekuja kuposa. Kwetu Gongoni, msichana anayeposwa haonekani ukumbini wazee wakizungumza. Kilichokatazwa ni kuonekana. Kusikia hakuna aliyekukataza, na masikio yangu, namshukuru Mungu, yalikuwa mazima.

Nje Landrova ilizimwa. Niliujua mlio ule, maana nilikuwa nimeungoja miaka miwili.

Twalibu nilimjua mwaka sitini na nane, kwa kipaza sauti. Alikuwa mwuzaji wa Kampuni ya Nuru, anazunguka na gari la mauzo kutoka Kigwa hadi Sikonge, anatangaza sabuni za miche, taa za chemli na majembe. Siku moja gari lilisimama mbele ya nyumba yetu na sauti ikajaa mtaa mzima: "Mwenye nyumba yumo?" Nikatoka na ufagio mkononi. Akashuka, akaniuliza tena, safari hii taratibu, kama mzee mwenye nyumba yupo. Nikamwambia, "Unaongea naye." Alinitazama, akaitazama nyumba, akanitazama tena, na mche wa sabuni ukamponyoka ukaangukia mchangani. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Tangu siku hiyo nilinunua sabuni nyingi kuliko nguo za kufulia.

Nyumba ilikuwa yangu kweli. Bibi mzaa baba alinipa kwa maandishi mbele ya kadhi, kwa kuwa nilimuuguza miaka mitatu mpaka alipofumba macho. Vyumba sita: viwili vyetu mimi na mama, vinne vya wapangaji. Mama yangu, Bi Swaumu, macho yalishaanza kufifia na kushona kofia hakuwezi tena. Unga wetu, dawa zake, mafuta ya taa, vyote vilitoka kwenye vyumba vile vinne.

Baba alikuwa ameshafariki. Mwenye kauli ya kuniozesha alikuwa baba mdogo Yahaya, fundi cherehani wa sokoni. Twalibu alipotuma posa mara ya kwanza, baba mdogo hakuuliza sala wala ukoo. Aliuliza mshahara. Kisha akamwambia kijana wa watu, usoni kabisa: "Mwuza sabuni sikupi mtoto wetu. Rudi ukiwa meneja."

Na sasa alikuwa amerudi.

"Hodi wenyewe!" Sauti hiyo ilikuwa ya Mzee Mabruki, baba mkubwa wa Twalibu, aliyefuatwa Kwihara asubuhi ile kwa gari la ofisi.

"Karibuni, karibuni," baba mdogo alijibu. "Bi Swaumu, kahawa!"

Pazia lilikuwa na tundu. Sitasema nani alilitoboa. Nilimwona Twalibu akivua viatu mlangoni, shati jeupe limenyooka, shavu limepungua kidogo. Alimwamkia mama, akakaa mkekani, na macho yake yakaja moja kwa moja kwenye pazia. Alijua nipo. Tangu posa irudiwe, wiki tatu nyuma, alikatazwa hata kupita mtaa wetu, na barua zetu nazo zikasimamishwa kwa jina la adabu. Wiki tatu hizo zilikuwa ndefu kuliko miaka miwili. Nilimpenda sana mtu huyu, wacha niseme wazi, nilimpenda mpaka nilikuwa naota anatangaza majembe.

Mzee Mabruki alisogeza sinia. Juu yake palikuwa na bahasha iliyofungwa kwa leso nyeupe.

"Ndugu yangu Yahaya," alisema kwa kujigamba, "ulitaka meneja. Meneja mauzo wa Nuru, tawi la Tabora, huyu hapa. Na barua ya kazi hii hapa, isomwe kila mtu asikie."

"Ya nini kuisoma?" baba mdogo alisema. "Neno la kijana linatosha. Tupange mahari."

Nilishtuka. Huyu ndiye baba mdogo Yahaya anayenunua samaki baada ya kuwanusa mmoja mmoja! Mtu aliyeniweka nyumbani miaka miwili kwa ajili ya mshahara, leo mshahara umeletwa kwenye sinia, hataki kuuona?

"Haiwezekani," Mzee Mabruki alisema. "Mimi nimetoka Kwihara kwa ajili ya barua hii."

Shida ilikuwa moja. Wazee wote wawili walisoma chuo cha Kurani, wanajua herufi za Kiarabu tu. Twalibu akanyoosha mkono aisome yeye.

"Wewe ndiye muoaji, tulia," alisema baba yake mkubwa. "Hamna mwalimu humu ndani?"

"Yupo," mama akasema. "Mwalimu Minza! Njoo mwanangu, utusomee."

Minza alikuwa mpangaji wangu wa chumba cha uani, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Igunga, mrefu na mcheshi. Aliingia akijifuta povu mikononi, akawaamkia wazee, akapiga goti pembeni ya mkeka na kufungua bahasha. Nilimwona baba mdogo akiweka chini kikombe chake kikiwa bado kimejaa.

"Ndugu Twalibu," Minza alisoma, "tunafurahi kukuarifu kuwa umeteuliwa kuwa Meneja Mauzo, tawi la Tabora, kuanzia tarehe mosi mwezi ujao. Mshahara wako utakuwa shilingi elfu moja na mia moja kwa mwezi." Akainua kichwa. "Mayu, mama yangu! Mimi napata mia tatu na ishirini."

"Mashaallah," mama alisema.

Mzee Mabruki hakusema mashaallah. "Na kamisheni?" aliuliza.

"Imefutwa, baba mkubwa," Twalibu alijibu. "Tangu kampuni ichukuliwe na serikali."

"Imefutwa vipi? Yule meneja wa zamani, bwana mwenye gari la Pijo, si alikuwa anakula chake kwa kila katoni inayotoka? Kila jembe?"

"Alikuwa. Sasa mshahara ni mshahara."

"Ngoja kwanza. Mwaka jana msimu wa tumbaku, watu wa Sikonge wakiwa na hela, wewe ulinionyesha noti zako. Zilikuwa ngapi?"

Twalibu akakohoa. "Elfu moja na mia tano. Wauzaji waliachiwa kamisheni kidogo mpaka mwisho wa mwaka ule, nikachanganya na posho ya safari. Meneja hasafiri, kwa hiyo hana posho."

"Yaani umepanda cheo, umeshuka mfuko?"

"Kwa miezi ya msimu, ndiyo. Ila mshahara wa meneja haukauki masika."

"Na wa Mwanza je? Naye anapata hiyo hiyo?"

"Elfu moja na mia sita. Tawi lake kubwa, ana cheti cha biashara, na yuko kazini miaka kumi na miwili. Mimi tawi langu dogo, cheti sina, na huu ni mwaka wangu wa tano."

"Ukiuza kumshinda?"

"Hata nikiuza Tabora yote pamoja na stesheni ya reli, hawatazami nimeuza nini. Wanatazama cheti, miaka na tawi."

Mzee Mabruki alianza kuhesabu. Hata mimi nyuma ya pazia nilikuwa nahesabu kwa vidole. Miaka miwili tulikonda kwa kungoja cheo ambacho mwezi mzuri wa kuuza sabuni unakipita! Nikamgeukia baba mdogo kwa jicho la tunduni, nikijua sasa ndipo atakapolipuka na kumfukuza kijana wa watu.

"Pesa si kitu," baba mdogo Yahaya alisema kwa upole. "Muhimu ni heshima. Mwalimu, ahsante mwanangu, funga barua."

Pesa si kitu! Maneno hayo yametoka kwenye kinywa kile kile?

"Bado ukurasa wa pili," Minza alisema.

"Wa pili ni salamu tu."

Mama aligeuza uso wake kuelekea sauti ile. "Umejuaje, shemeji?" aliuliza. "Wewe herufi hizo huzijui."

Minza akageuza karatasi na kuanza kusoma, mwanzoni kwa haraka, kisha pole pole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Unakumbushwa kuwa cheo hiki ni cha uongozi, na utafungwa na miiko ya uongozi. Kiongozi hatakuwa na mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha. Masharti haya ni kwake pamoja na mkewe." Akasita. "Pamoja na mkewe," alirudia, na akaangalia mlango wa uani, kilipo chumba chake.

Nilikuwa nimewahi kusikia habari za miiko, nani hakusikia, lakini niliichukulia kuwa mambo ya wakubwa wa Dar es Salaam. Sikudhani itakuja kunikuta Gongoni, kwenye chumba cha mama, nimevaa khanga ya kuposwa.

"Kuna fomu imebanwa hapa," Minza aliendelea, sauti imepungua. "Mali ya kiongozi: baiskeli moja, redio moja. Mali ya mke mtarajiwa: nyumba moja, Gongoni, vyumba sita. Hatua itakayochukuliwa: nyumba itahamishiwa kwa baba yake mdogo, Yahaya, kabla ya ndoa. Sahihi ya Twalibu ipo. Na hapa, sahihi au dole gumba la mke mtarajiwa." Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Dole lipo."

Sikumbuki kulivuta pazia. Nakumbuka tu kwamba lilikuwa chini, na mimi nilikuwa katikati ya ukumbi, na Mzee Mabruki anainamisha uso kwa aibu ya kumwona mwari.

"Dole la nani?" niliuliza.

"Mwanamkuu, rudi ndani!" baba mdogo alifoka.

"Dole la nani, baba mdogo? Mimi nimesoma mpaka darasa la nane. Huyu mwalimu namwandikia risiti kila mwezi, naweka sahihi kwa mkono wangu. Nimegonga dole wapi mimi? Lini?"

Minza alinikabidhi karatasi. Alama ilikuwa ya wino wa zambarau, pana, si ya kidole cha mwanamke, na mstari mweupe uliikata katikati kutoka juu hadi chini. Gongoni nzima ilikijua kidole kile. Mkasi wa kukatia kanzu ulikipasua mwaka wa uhuru, na mwenyewe huwaonyesha wateja kovu lake kila wanapombana bei.

"Nyoosha mkono, Yahaya," Mzee Mabruki alisema.

Baba mdogo akauficha mkono chini ya kanzu. Alikuwa ameijivunia akili yake, lakini kwake yeye mwanamke akiambiwa aweke sahihi, atagonga dole. Halikumpitia hata kichwani kwamba binti wa kaka yake anajua kuandika jina lake.

"Ni nyumba ya mama yangu!" alisema, na sauti yake ikapasuka. "Mimi ndiye mwanawe! Alinipita mimi akampa mtoto wa kike, mimi nikabaki kupanga kibanda sokoni! Nilikuwa na haki!"

"Kwa hiyo ulipomwambia arudi akiwa meneja..." Mama alisema taratibu, kila neno linamwuma. "Ofisi ya chama wewe ndiye unayewashonea. Ulishaisikia miiko hiyo. Ulijua akiwa meneja, mtoto hataruhusiwa kuwa na nyumba ya wapangaji. Miaka miwili, Yahaya! Umemzeesha mwanangu miaka miwili kwa ajili ya vyumba?"

Nami sikuwa na haja ya jibu lake. Nilimgeukia yule mwingine.

Twalibu alikuwa amesimama, amekuwa wa rangi ya majivu. "Mwanamkuu, wallahi aliniambia umekubali. Nilitaka kukuuliza mwenyewe, ningekuuliza wapi? Nimekatazwa kupita hapa, nimekatazwa kuandika. Nikamuuliza mzazi wako, kama adabu inavyotaka. Alichukua fomu, akanirudishia ina dole."

"Barua zangu umezipokea ngapi, Twalibu?"

"Nyingi."

"Unazo?"

"Zote. Ziko kwenye sanduku langu."

"Nilizipiga dole?"

Uani kuku alikuwa analia, na hakuna aliyemfukuza. Nilimtazama machoni, nikimwomba moyoni aseme hakuliona lile dole, aseme alisaini gizani, aseme uongo wowote mzuri nipate kumsamehe.

"Niliona," alisema. "Nililiona dole, nikajua si lako. Nikajifanya sijaona. Tarehe ya kuirudisha fomu ofisini ilikuwa imekaribia, na nilikuwa nimechoka kungoja. Nilisema moyoni, tukishaoana tutayatengeneza."

Ninyi mliowahi kupenda mtanielewa. Wizi wa baba mdogo ulinishtua, lakini huu ndio ulionipiga. Baba mdogo alitaka nyumba, huyu alinitaka mimi, na wote wawili walipita njia moja. Machozi yalikuja bila ruhusa yangu.

"Mama angekula nini?" nilimuuliza. "Ulipojifanya hujaona, ulimwona mama yangu?"

"Ningemlisha mimi."

"Kwa elfu moja na mia moja? Leo meneja, kesho wakikupeleka Kigoma, kesho kutwa wakikuondoa? Cheo ni cha kampuni, Twalibu. Nyumba ni yangu."

"Niambie nifanye nini. Chochote."

Nilijifuta uso kwa ncha ya khanga. Nikaiweka fomu juu ya sinia, nikaifunika kwa ile leso yao nyeupe, nikalisukuma sinia mpaka miguuni pake.

"Miaka miwili iliyopita uliambiwa neno humu ndani, ukaenda ukalitimiza," nikasema. "Leo nakuambia langu. Rudi ukiwa si meneja."

Mama hakunikataza. Alisema tu, "Yahaya, maliza kahawa yako uende zako. Siku ya kuozesha ikifika, kadhi yupo, na ndiye aliyeandika hati ya nyumba."

Twalibu alilichukua sinia kwa mikono miwili. Mlangoni aligeuka, akanitazama mtazamo ambao sikuuweza, nikatazama chini. Landrova iliwaka, ikaondoka, na ule mlio nilioungoja muda wote ule ukafifia kuelekea barabara ya stesheni.

Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Mtaani walishasikia, kama wanavyosikia kila kitu. Jirani yetu Bi Tatu alikuja kuomba chumvi, akaniambia nimeukataa mshahara wa watu wanne kwa ajili ya kuta za udongo. Bundala, mpangaji wangu mwenye kuuza asali, akaniletea chupa nzima ya asali bila kusema neno, na huruma hiyo ikaniliza zaidi. Jumanne Minza alirudi na habari: ameiona Landrova ya ofisi imeegeshwa mbele ya Nuru, na ndani yake amekaa mtu wa makamo mwenye miwani. Minza hakumwona Twalibu popote. Wengine walisema amepanda treni kwenda Mwanza. Nilijilaumu, nikajitetea, nikajilaumu tena. Elfu moja na mia moja ni pesa, jamani, na yeye ni mwanamume kama wengine, ana majivuno yake. Labda nilimtaka mtu atoe kitu ambacho hakuna mtu hutoa.

Jumatano baada ya Alasiri nilikuwa uani napepeta mchele. Kwa mbali, upande wa sokoni, nikasikia kipaza sauti kinakwaruza.

"Sabuni za miche! Taa za chemli! Majembe imara, yamefika, yamefika!"

Ungo ulinitoka mikononi, mchele wote ukamwagika, kuku wakaja mbio. Meneja hapandi gari la mauzo. Meneja hatangazi majembe. Niliitambua sauti ile, hata ikikwaruzwa namna gani ningeitambua.

"Mama!" nilisema. "Mama, unasikia?"

"Macho ndiyo mabovu," mama alijibu kutoka ndani. "Masikio sijambo. Kafunge khanga vizuri."

Gari lilikuja mtaa mzima likipunguza mwendo. Wanawake walitoka vibarazani. Bi Tatu alitoka na ile chumvi yangu mkononi. Likasimama mbele ya mlango wetu, pale pale lilipowahi kusimama, kisha sauti ikajaa Gongoni yote, na safari hii ilikuwa inatetemeka.

"Mwenye nyumba yumo?"

Nilitoka miguu mitupu, punje za mchele zimenishika mikononi. Alikuwa ameketi juu ya makatoni ya sabuni, shati lina vumbi la Sikonge, kipaza sauti bado kimo mdomoni kama mtu aliyesahau kukishusha. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

"Yumo," nikasema kwa nguvu, mtaa wote usikie. "Ila hauzi nyumba."

Akazima kipaza sauti, akashuka.